Birika Langu, Mnadani Kigwe

Alipofika mara ya kwanza tulijua anauza sumu ya panya.
Meza moja, kitambaa cheupe, chupa tupu saba,
ila hana spika, hana kelele,
na muuza sumu asiye na kelele
hata panya humcheka.

Jina lake Ndahani. Fundi wa maabara, shule ya pale ng'ambo ya reli,
kidole gumba kina doa la njano lisilotoka.
Akaja kibandani kwangu, hakuagiza chai.
"Mama Chalula, niazime birika. Lile chakavu zaidi."
Nikampa, nikamkonyeza jirani yangu wa maandazi:
leo tutaona mengi.

Mnayajua maji yetu ya kisima kirefu.
Sabuni inaganda vipandevipande, povu inakunyima,
shati jeupe linazeeka kabla ya mwenyewe,
na ndani ya birika, mwaka hadi mwaka,
ukoko mweupe unajijenga kama kichuguu.
Mimi nilikuwa nikiubandua kwa kisu na matusi.
Mama mkwe alisema ni chumvi. Fundi bomba akasema kutu.
Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu,
akaomba kikombe kingine.

Ndahani akakata ndimu.
Ndimu moja tu, ya shilingi mia.
"Tegeni sikio."

Hakusema tazameni. Tegeni sikio.
Na sisi, wachunga ng'ombe, wauza mitumba, dalali na fimbo yake,
tukainama juu ya birika bovu
kama watu wanaopekua siri ya jirani.
Ssss, likasema.
Likachemka pasipo moto.

"Uchawi," akasema dalali, akarudi hatua mbili.
"Shika, kamua mwenyewe.
Uchawi haugawi siri yake bure mnadani."
Akakamua. Nikayaona meno yake yote,
mtu niliyemjua kwa kukunja uso tu.

Ndipo akatueleza, taratibu,
akiingia Kigogo pale Kiswahili kilipokwama:
mvua huzama ardhini, hulamba mwamba,
huondoka na chembe isiyoonekana
kama mgeni anayeondoka na kijiko.
Maji yanaficha, kisima kinaficha, ndoo inaficha.
Moto wangu ndio unaopekua mifuko:
kijiko kinadondoka, kinabaki chini.

Kumbe miaka kumi na tisa nimechemsha mawe.

Mjukuu wangu Nyemo, hajafika hata darasa la tatu,
akapenya kati ya miguu ya watu:
"Na ukwaju je?"
"Sijui," akasema Ndahani. "Unao?"

Ngojeni kwanza, neno hilo lisipite.
Mnada huu nimeukalia tangu nywele zikiwa nyeusi.
Nimewasikia wenye dawa ya mgongo, dawa ya kurudisha mume,
nimesikia kambuzi ka miezi minne kakiitwa beberu,
sijamsikia mtu nyuma ya meza akisema
sijui.

Ukwaju ukapatikana. Ulitoa povu polepole,
kama kijana anayeamshwa akachote maji.
Tukajaribu zabibu mbichi. Tukajaribu maziwa yaliyoganda.
Mtu mmoja akataka kuleta mkojo wa punda,
nikakataa: sayansi ni ya wote,
birika ni langu.

Kisha Masinga, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache,
akauliza bila kupandisha sauti:
"Jiwe linalokaa birikani,
tumboni linakaa wapi?"

Kicheko kikakatika.
Ndahani hakubuni. Akatoa daftari, akaandika,
akamwomba arudie, akaandika tena.
"Hilo nitawauliza wanaonizidi. Jumamosi."

Jumamosi ilipofika, Masinga aliwatangulia ng'ombe wake.
Akaketi kwenye benchi langu, akashika kikombe,
akakitazama ndani muda mrefu kabla ya kunywa,
kisha akaitazama njia ya relini.
Vumbi tu.
Nami sikumsemesha.
Ndimu nilikuwa nimeshakata.